GEMU LA NGUMI: MAZURI YAKE, MABAYA YAKE, NA KOFI NILILOPIGA MIMI

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Kabla ya Ramadhani mama mmoja aliniandikia inboksi. Swali lake lilikuwa fupi. Mwanawe ana miaka 11, anacheza gemu la ngumi kwenye TV mpaka usiku. Je, ni halali au haramu? Nikamjibu kwamba nitamwandikia baada ya Isha. Isha hiyo ikapita, na Isha nyingi nyingine zikapita. Dada yangu, kama bado unanisoma, nisamehe.

Sikuchelewa kwa kukosa muda. Nilichelewa kwa sababu jibu la swali hili lina aibu yangu ndani yake, na sisi wenye kupanda mimbari tunapenda kujibu maswali ambayo sisi wenyewe hatumo. Leo najibu mbele ya watu wote, kwa sababu nadhani wazazi wengi na walimu wengi wa madrasa wapo pale nilipokuwa mimi. Soma mpaka mwisho kabla hujakomenti.

KISA CHENYEWE

Mtaani kwetu hapa Dodoma kuna kibanda cha mabati. Ndani kuna TV mbili, mabenchi mawili, feni inayozungusha joto, na mashine mbili za PlayStation 3. Watoto wanapaita "kwa PS". Kiangazi upepo wetu huu ukivuma, vumbi linaingia mpaka kwenye vitufe vya pedi, na mwenye kibanda anazipuliza kwa mdomo mchezo uendelee.

Madrasa yetu inaanza baada ya Alasiri. Mwaka jana nilimkosa mwanafunzi mmoja siku tatu mfululizo. Ana miaka 12, kichwa chake chepesi, Suratul Mulk aliihifadhi kabla ya wenzake. Nikauliza kwao, wakasema mbona kila siku anaaga anakwenda chuoni? Siku ya nne nikamfuata. Nikamkuta benchini, pedi mkononi, macho yamegandia kwenye kioo, watu wawili kwenye TV wanarushiana makonde na damu inatoka puani. Mfuko wenye juzuu yake uko chini, kwenye vumbi, katikati ya miguu ya watu.

Ndugu zangu, nilipouona ule mfuko chini damu ilinipanda. Sikusalimia. Sikuuliza. Nikampiga kofi la uso.

Kibanda kizima kikanyamaza, ila TV. Mtoto akashika shavu. Hakulia. Akaniangalia, na kwa adabu kabisa akaniuliza: "Ustadhi, si ulitufundisha uso haupigwi?"

Alikuwa amesema kweli. Wiki mbili nyuma niliwasomesha hadithi hiyo mimi mwenyewe. Imo katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (s.a.w.) ametuamrisha tuepuke uso hata pale mtu anapopigana na ndugu yake. Imam Nawawi akaeleza sababu: uso ni mahali laini palipokusanya uzuri wa mtu, na hisia nyingi za mwanadamu zipo hapo, macho, pua na mdomo. Tena katika Muslim tunasoma kwamba Mtume (s.a.w.) alimkemea aliyempiga chapa punda usoni. Punda! Hapa kwetu Dodoma tunawaona punda kila siku na madumu yao ya maji. Haki ambayo dini imempa punda yule wa maji, mimi imamu nilimnyima mwanafunzi wangu anayesoma Qur'ani.

Siku ile ndani ya kile kibanda zilipigwa nyuso nyingi kwenye TV. Uso wa kweli ulipigwa mmoja, na aliyeupiga ni mimi.

NIKARUDI KUULIZA

Usiku ule sikulala vizuri. Kesho yake baada ya Adhuhuri nikarudi kibandani, safari hii kwa salamu. Nikamwambia mwenye kibanda nataka kuonyeshwa hili gemu ni kitu gani. Akacheka, akanipa pedi. Nilikaa pale mchana mara tatu kwa siku tofauti. Kijana wa bodaboda alinipiga nikaanguka raundi ya pili, na mtaa mzima ukajua kabla ya Magharibi. Sijuti. Mtu hawezi kutoa hukumu ya kitu asichokijua.

Gemu lenyewe linaitwa Fight Night Champion, la kampuni ya EA Sports, lilitoka mwaka 2011. Baadaye kijana mmoja mtumishi wa serikali, katika hawa waliohamia Dodoma na wizara zao, alinikaribisha kwake akanionyesha lingine jipya linaitwa Undisputed, lililotengenezwa Sheffield, Uingereza, na kutoka rasmi Oktoba 2024. Hilo linataka mashine za kisasa, kwa hiyo vibandani bado halijaenea. Nitayazungumza yote mawili, lakini zaidi hilo la kwanza, kwa sababu ndilo wanalolicheza watoto wetu.

Sasa tuwe waadilifu. Suratul Maida aya ya 8 inatufundisha kwamba kuchukia kitu kusitutoe kwenye uadilifu. Nianze na mazuri.

MAZURI YAKE

La kwanza, linafundisha subira kwa namna ambayo sikuitegemea. Bondia wako ana kipimo cha pumzi kwenye kioo. Ukirusha makonde ovyo kwa hasira, pumzi inakwisha, mikono inakuwa mizito, na mwenzako aliyetulia anakumaliza. Ndivyo nilivyoangushwa mimi. Nilirusha kila nilichokuwa nacho raundi ya kwanza, na yule kijana wa bodaboda akanisubiri tu, kajifunika uso kwa mikono. Mtume (s.a.w.) alitufundisha kwamba nguvu haipimwi kwa kuangusha watu, inapimwa kwa mtu kuimiliki nafsi yake wakati wa hasira. Nimelisomesha hilo miaka zaidi ya 20, na bado nikaja kukumbushwa na mashine.

La pili, lina kanuni. Kuna refa, kuna kuhesabiwa mpaka kumi, chini ya mkanda hapapigwi, kengele ikilia mikono inashuka. Mtoto anajifunza kwamba hata kushindana kuna mipaka.

La tatu, ndani yake kuna hadithi ya bondia mmoja wa kubuni anayeitwa Andre Bishop. Anabambikiwa kesi, anafungwa, anatoka, anapambana na promota dhalimu aliyemharibia maisha. Si hadithi mbaya kwa mtu mzima. Inaonyesha kwamba katika biashara ya ngumi anayekula si anayepigwa. Vijana wetu wanaoota kuwa kama Hassan Mwakinyo wa Tanga, waliofurahi Septemba 2018 alipokwenda Birmingham akammaliza Sam Eggington nyumbani kwao Uingereza raundi ya pili, wanahitaji kuujua na upande huo.

La nne, na hili wazazi msilidharau: hakuna kichwa kinachopasuka. Kama kijana ana saa moja ya kupoteza, nikiambiwa nichague kati ya benchi la kibanda kile na kijiwe cha bangi nyuma ya ghala, sihitaji kufikiri mara mbili. Pale benchini nimeona Waislamu na Wakristo wanakaa bega kwa bega, Mgogo, Mrangi na Msukuma wanataniana, na hakuna anayekunja ngumi ya kweli.

Haya ndiyo mazuri. Sijayapunguza.

MABAYA YAKE

Baya la kwanza si la gemu, ni la kibanda, lakini ndilo lililonivunja moyo kuliko yote.

Kanuni ya pale ni "aliyepigwa analipa". Wanacheza wawili, anayeshindwa analipia mechi ya wote wawili. Wengi wenu mnaiona ndogo hiyo. Tizama vizuri: kila anayekaa benchini hajui kama atacheza bure au atalipia wawili, na kinachoamua ni ushindi. Huo ni mlango wa kamari. Na mlango ukishafunguliwa hauishii hapo. Wakubwa wakaanza kuwekeana jero juu ya meza, anayeshinda anazoa. Hapo haitaki tena maelezo. Suratul Maida aya ya 90 imeitaja kamari pamoja na pombe, na aya inayofuata imesema shetani anataka nini kwayo: uadui baina yetu, na kutuzuilia swala.

Sasa sikiliza kuhusu yule mtoto. Mama yake, anayeuza zabibu na karanga barabarani, alimpa shilingi elfu mbili za ada ya chuo. Akapita kwa PS mara moja tu. Akawekewa jero, akaliwa. Akaweka nyingine airudishe ya kwanza, akaliwa. Akaendelea hivyo mpaka elfu mbili zote zikaisha. Kuanzia hapo akaogopa kuja chuoni bila ada, akaogopa kurudi nyumbani kusema, akawa anashinda kibandani anasubiri mtu amlipie mechi, labda ashinde airudishe pesa ya mama yake. Zile siku tatu nilizodhani anastarehe, alikuwa kwenye deni.

Na mimi nilipofika sikuuliza hata neno moja. Chuoni kwetu hatujawahi kumfukuza mtoto kwa ada. Lakini yeye angejuaje, kama hatujawahi kuwaambia?

Baya la pili ni umri. Gemu hili kwa utaratibu wa Marekani lilipewa alama ya M, yaani la mtu wa miaka 17 kwenda juu. Lilikuwa gemu la kwanza la EA Sports kupewa alama hiyo. Waliolitengeneza hawakuwaficha: kuna damu, kuna jela, kuna matusi. Lakini hapa kwetu gemu limo ndani ya mashine, kasha lenye ile alama hakuna anayeliona. Mtoto wa miaka tisa anakaa mbele ya kitu ambacho watengenezaji wenyewe wamesema si chake. Kiingereza chake bado ni cha kuokoteza, na mnajua maneno gani mtoto huyaokota mwanzo.

Baya la tatu ni muda. Nilishuhudia adhana ya Alasiri inasikika kibandani wazi kabisa, na kijana aliyeswali na mimi Ijumaa anasema "raundi mbili tu, shehe." Raundi mbili zikazaa mechi, na mechi ikazaa marudiano. Mtume (s.a.w.) ametuambia kuwa afya na muda ni neema mbili ambazo watu wengi wanapunjika ndani yake. Bondia wa kwenye TV kengele ikilia anashusha mikono. Sisi inalia kengele ya Mola wetu na mikono bado ipo kwenye pedi.

Baya la nne ndilo la gemu lenyewe, na ndilo ninalotaka mkae nalo.

Gemu hili linakuonyesha kila kitu cha ngumi isipokuwa gharama yake.

Linaonyesha uso unavyovimba, jasho linavyoruka, damu inavyochirizika. Kwa ustadi huo sina ubishi nao. Lakini mechi ikiisha unabonyeza kitufe, na yule yule aliyelala chini anarudi mzima, hana hata alama. Mtoto anapiga uso mara mia kwa jioni moja, na mara zote mia uso unapona.

Mchukueni Muhammad Ali. Yumo katika Fight Night Champion, yumo na katika Undisputed. Watoto wote pale wanamtaka yeye, kwanza kwa wepesi wa miguu, pili kwa jina. Mmoja aliniuliza: "Shehe, kama ngumi mbaya, mbona Muhammad Ali ni Muislamu?"

Mimi jina hilo nimelisikia nikiwa mdogo kule Kondoa. Februari 1980 Ali alikuja Dar es Salaam, ametumwa na Rais Carter wa Marekani azishawishi nchi za Afrika zisusie michezo ya Olimpiki ya Moscow. Mwalimu Nyerere hakumpokea, na Tanzania ilikwenda Moscow ikarudi na medali mbili za fedha, za Bayi na Nyambui. Lakini wazee wetu pale kijijini hawakuzungumza Olimpiki. Walizungumza kwamba bingwa wa dunia mwenye jina la Mtume amekanyaga ardhi yetu. Na mimi nilifurahi kama wao.

Ali wa kwenye gemu ni kijana milele. Ali wa kweli alipigana mara ya mwisho Desemba 1981, akikaribia miaka 40. Mwaka 1984 madaktari walimwambia ana maradhi ya Parkinson. Mwaka 1996, alipowasha mwenge wa Olimpiki kule Atlanta, dunia nzima iliuona mkono wake unatetemeka. Mkono ule ule. Aliishi na maradhi hayo miaka zaidi ya 30 mpaka alipofariki Juni 2016 akiwa na miaka 74. Kule Kinshasa Oktoba 1974 alijiegemeza kwenye kamba akamwacha Foreman ampige mpaka achoke, akamwangusha raundi ya nane. Watoto wanaijaribu mbinu hiyo kwa pedi, na inafaa. Kwa pedi. Wataalamu wamejadili maradhi yake kwa kiasi gani yalitokana na makonde. Lakini kwamba kichwa kinachopigwa mara kwa mara ubongo wake unaharibika, hilo hawalijadili tena.

Nilimjibu mtoto hivi: "Ali ni ndugu yetu, tunampenda na tunamwombea. Lakini hukumu hatuichukui kwa mtu, hata awe tunampenda vipi. Tunaichukua kwa Allah na Mtume wake."

Na kuna jingine niliwaonyesha wakubwa wao kwenye simu, watoto sikuwaonyesha. Juni 2022, Durban, Afrika Kusini, kijana Simiso Buthelezi, miaka 24, alikuwa anashinda pambano raundi ya mwisho. Ghafla akamwacha mpinzani wake, akageuka upande ambao hakuna mtu, akaanza kupiga makonde hewani. Refa akasimamisha pambano. Ubongo ulikuwa unavuja damu. Siku mbili baadaye alifariki. Vijana wa bodaboda waliangalia wakanyamaza. Mmoja akasema, "Huyu gemu lake halina kurudia." Sikuongeza neno.

BASI HUKUMU NI IPI?

Mimi si mufti. Ni imamu wa msikiti wa mtaa. Nasema nilichosoma na ninachokiona, na mwenye elimu zaidi anisahihishe.

Kuhusu ngumi za kweli, za kupigana usoni na kichwani mpaka mtu aanguke: Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, katika kikao chake cha kumi mwaka 1408 Hijria, sawa na 1987, lilitamka kwamba ni haramu, kwa sababu msingi wake ni kumdhuru mtu mwili wake. Likaongeza kwamba zisionyeshwe kwenye televisheni, ili watoto wanaokua wasijifunze. Wapo watakaochukua maneno hayo wayapeleke moja kwa moja kwenye gemu. Nawaelewa, na siwalaumu.

Lakini mimi naona tofauti, na naisema. Kwenye gemu hakuna mwili unaodhuriwa. Anayepigwa ni picha. Kwa hiyo siwezi kusema kucheza kwenyewe ni sawa na kumpiga mtu uso. Ninachosema ni kwamba lina masharti, na likiyakosa haya linaingia kwenye haramu bila shaka:

1. Pasiwe na kuwekeana pesa, wala "aliyepigwa analipa". Kila mtu alipie muda wake, hiyo ni kodi ya kukaa. Yako yako, yangu yangu.

2. Lisipitishe swala hata moja.

3. Asicheze mtoto ambaye hata walioliunda wamesema si lake. Fight Night Champion si la mtoto wa miaka 11. Dada yangu uliyeniuliza, hapa ndipo jibu lako lilipo: kwa mwanao, hapana. Si kwa sababu ya mkono wake, ni kwa sababu ya macho na masikio yake.

4. Mkubwa anayecheza aijue gharama ambayo gemu halimwonyeshi. Akitoka pale akaona ngumi ni jambo jepesi, gemu limemdhuru ingawa hakuguswa.

Kuhusu Undisputed, masharti ni hayo hayo, na nyongeza moja kwa wazazi: baadhi ya mabondia wake wanauzwa mbali kwa pesa ya ziada. Ukiwa umeunganisha simu yako ya malipo na mashine ya mtoto, usije ukashangaa.

Na wale wanaosema Uislamu hautaki michezo, wasome. Wahabeshi walicheza na mikuki yao msikitini, na Mtume (s.a.w.) akamwacha mama Aisha atazame. Imo katika Bukhari na Muslim. Kuna riwaya pia kwa Abu Dawud na Tirmidhi kwamba alishindana mieleka na Rukana akamwangusha. Tirmidhi mwenyewe ameisema sanadi yake haikusimama vizuri, na wapo wanazuoni walioipa nguvu kwa njia nyingine. Dini yetu inataka muumini mwenye nguvu. Isichotaka ni uso wa ndugu yako.

TULICHOFANYA

Nilikwenda kwa mwenye kibanda. Sikwenda na viongozi wa msikiti wala mwenyekiti wa mtaa, nilikwenda peke yangu na soda mbili. Nikamweleza ya kamari. Akaniambia ukweli wake: "Shehe, nikikataza jero wataenda kibanda cha pili." Nikamwambia riziki haiko kwenye jero. Hakukubali yote. Alikubali mawili: kila mtu alipie chake, na akisikia adhana azime TV mpaka watu watoke msikitini. La jero alisema atajaribu. Natoa taarifa kwa uaminifu: la kuzima TV analitimiza, la jero linatimia akiwepo yeye. Akiwepo mdogo wake, siwajibiki.

Madrasa nayo imebadilika. Alhamisi jioni tunawatoa watoto kwenye mchanga nyuma ya msikiti, wanashindana mieleka na mbio, na kanuni ya kwanza wanaisema wote kwa sauti kabla hawajaanza: uso hauguswi. Wanakuja nusu ya watoto. Nusu nyingine nawajua walipo.

Tumetangaza pia, mbele ya wazazi, kwamba hakuna mtoto wa kukaa nyumbani kwa kukosa ada. Na fimbo tumeitoa. Najua wapo walimu wenzangu watakaonukuu hadithi ya mtoto wa miaka kumi na swala. Naijua. Lakini wanazuoni waliofafanua adabu hiyo wameiwekea mipaka mingi, na katika mipaka hiyo hakuna hata mmoja aliyeruhusu uso. Tujiulize kwa haki: ni madrasa ngapi zetu ambazo uso wa mtoto uko salama? Ni nyumba ngapi? Tunaliita gemu haramu kwa sababu ya nyuso za picha, kisha tunarudi nyumbani tunazizaba nyuso alizoziumba Allah.

Yule mtoto nilimwomba msamaha mbele ya wenzake wote, kwa sababu nilimpiga mbele ya watu. Nilimwambia, "Ulisema kweli na mimi nilikosea." Akainamisha kichwa akasema, "Nimekusamehe, ustadhi." Mama yake nilimfuata anapouzia, nikamweleza yote, ya kwangu kwanza kisha ya elfu mbili. Alininyamazia muda mrefu, akawa anapanga zabibu zake. Halafu akasema: "Angalau wewe umekuja kuniambia."

Mtoto anakuja chuoni. Lakini zamani alikuwa anakaa mbele, mguuni pangu. Sasa anakaa nyuma karibu na mlango, na nikiinua mkono kufuta ubao, nimeona mara mbili tatu anaficha shavu. Hilo hakuna kitufe cha kulirudisha. Nasubiri, na namwomba Allah.

Ndugu yangu unayesoma, kabla hujauliza gemu la mwanao ni halali au haramu, muulize kwanza mwanao yukoje. Kaa naye benchini, ushike hiyo pedi, upigwe raundi mbili. Muulize kama ana deni la mtu. Kisha mkataze utakachomkataza, kwa mdomo, na mkono wako ukae mbali na uso wake.

Ewe Allah, tusamehe sisi walimu na wazazi kwa mikono yetu. Walinde watoto wetu na kamari, na matusi, na kupoteza muda. Warehemu ndugu zetu waliotangulia, uwaponye wanaougua. Yarudishe moyoni mwa watoto mapenzi tuliyoyavunja kwa hasira zetu. Amin.

Wallahu a'lam.

Mwenye swali aulize kwa adabu. Mwenye kunisahihisha kwa dalili, nitashukuru. Na aliyewahi kumpiga mtoto uso, asiandike hapa. Aende akamwombe msamaha leo kabla hajalala.

Wassalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.